Njia ya Gari Mpaka Mlangoni

Rose alipiga simu kutoka hospitali asubuhi, akasema mama ameruhusiwa na wangetoka mara tu dawa zikishachukuliwa.

"Ila gari lifike mlangoni, Baba. Hawezi kutembea kutoka barabarani. Hata kukaa tu kitandani mpaka ashikwe. Hayo maua yote hapo mbele uyatoe njiani."

"Nitayatoa."

"Mwite jirani yeyote akusaidie."

"Nitayatoa, Rose. Wewe mlete mama yako."

Nathaniel Nkwabi alikuwa fundi baiskeli pale Buhongwa, karibu na soko, na tangu aoe hakuwahi kushika mkasi wa maua. Kazi hiyo ilikuwa ya mkewe, Odeta. Ni Odeta aliyepanda ua wa minyaa ukingoni mwa uchochoro, akapanda bogonvilia langoni, na hibiskasi pande zote mbili za kijia cha kuingilia. Ni yeye aliyezikata kila zilipozidi. Alikuwa akikata na kurudi nyuma kuangalia, anakata tena, mpaka wapita njia wanamtania kwamba hata maua ya padri hayanyolewi hivyo. Alipougua, vyote vilijiendea. Sasa aliyesimama uchochoroni aliona paa tu, na mgeni alipoingia ilibidi apite kwa ubavu.

Kuna jambo ambalo Rose hakulisema katika simu, kwa sababu mama yake alikuwa pembeni akisikia. Daktari alikuwa amewaita baba na binti kando, akawaambia dawa zimefika mwisho wa kazi yake, ni vizuri mama akapumzike nyumbani kwake. Odeta mwenyewe aliambiwa anakwenda kutafuta nguvu, akinenepa kidogo ataitwa tena. Uongo huo aliusema Nathaniel. Aliusema akiwa anamenya chungwa, ili asilazimike kuinua macho.

Akachukua panga, akatoka nje.

Katika mtaa ule nyumba zimebanana na viwanja ni vidogo, na watu hupenda kupanda mbele ya nyumba chochote kinachokubali kuota. Mimea ya mbele hupunguzwa, haifyekwi. Hufyekwa kwa sababu moja tu. Mtu akifariki, hata kabla wanawake hawajaingia na mikeka, wanaume wa jirani hufika na mapanga wakafungua uwanja, ili turubai lipate pa kusimama na mabenchi pa kukaa. Hakuna anayetumwa. Mtu akiona uwanja unafunguliwa huacha alichokuwa akifanya, akaenda. Kwa hiyo nyumba yenye mgonjwa mbele yake haiguswi kabisa. Majani yakue yanavyotaka, watu wataminyana wapite. Kufyeka ni kumwita asiyeitwa.

Nathaniel alilijua hilo. Yeye mwenyewe alikuwa amekwenda na panga kwenye nyumba za watu. Lakini asubuhi ile kichwani mwake lilikuwamo gari peke yake: upana wake, jinsi litakavyokata kona pale langoni, na mlango wa nyuma utafunguka upande upi.

*

Alianza na minyaa ya langoni. Odeta alipokuwa akikata minyaa aliupa upepo mgongo na kujifunika kitenge usoni, kwa sababu mti ule ukiukata unatoa maziwa, na maziwa yake yakiingia machoni ni moto. Nathaniel alikuwa amemwona mara nyingi, akadhani ni madoido. Alipiga panga mara kadhaa kwa nguvu za mtu mwenye haraka, matawi yakaanguka, na upepo ukamrushia maziwa yote usoni.

Alidondosha panga. Alishika macho kwa viganja viwili, na viganja navyo vilikuwa na maziwa yale yale.

Ng'ambo ya uchochoro Mama Chenge alikuwa akipanga nyanya kwenye genge lake. Alikuwa amesikia panga tangu lilipoanza, akajizuia kutazama. Sasa alitazama. Aliona ua umefunguka, lango limebaki wazi, na mume wa Odeta amesimama katikati ya matawi, amejifunika uso, machozi yanamchuruzika mpaka kidevuni.

"Baba Rose!" aliita. "Baba Rose, kuna nini?"

Nathaniel alitikisa mkono mmoja hewani, kama mtu anayesema niache kwanza, kisha akageuka akipapasa ukuta, akazunguka nyuma ya nyumba kutafuta maji.

Mama Chenge aliweka mikono kichwani. Aliziacha nyanya bila kuzifunika.

*

Nyuma ya nyumba Nathaniel alikuwa amepiga magoti kwenye ndoo, anajimwagia maji machoni kopo baada ya kopo. Jicho moja lilikataa kabisa kufunguka. La pili lilifunguka kidogo, likaona ukungu. Akiwa katika hali hiyo alianza kusikia mapanga upande wa mbele. Kwanza moja, halafu mengi, na sauti za wanaume zikiulizana hapa vipi, huku nako je.

Moyo wake ulilainika. Aliona Rose amewapigia watu simu na watu wameitika. Alikuwa mtu asiyependa kuomba, na kwa miezi yote ya ugonjwa alikuwa amejibu "hajambo kidogo" kila alipoulizwa, akapita haraka. Sasa wamekuja bila yeye kuwaomba. Aliendelea kujimwagia maji huku akifikiri jinsi ya kuwashukuru.

Alipojisikia anaweza kuona, alijifuta kwa shati, akazunguka mbele.

Hibiskasi zote zilikuwa chini. Shimba, kijana mchoma matofali aliyekaa nyumba ya nyuma, alikuwa akimalizia shina la mwisho, jasho linamtiririka. Wanaume wawili walikuwa wanashusha mabenchi ya kigangoni kutoka kwenye mkokoteni. Wanawake walikuwa wameshatandika mikeka kando ya ukuta, wamevua viatu, na katikati yao palikuwa na unga, sufuria kubwa na kuni zilizofungwa kwa kamba ya mpira. Mzee Ngosha, balozi wao wa nyumba kumi, alikuwa amevaa koti lake jeusi, anaelekeza benchi la kwanza likae wapi.

Wote walimwona, kazi ikasimama.

"Nani amefariki?" Nathaniel aliuliza.

Mzee Ngosha alivua kofia.

"Nauliza, nani amefariki?"

"Baba Rose," Mama Chenge alisema kwa sauti ndogo, "si wewe uliyekuwa unafungua uwanja?"

"Nafungua njia ya gari! Odeta anarudi leo. Karuhusiwa!"

"Mbona ulikuwa unalia?"

"Minyaa, mama! Minyaa imeniingia machoni!"

Mwanamke mmoja mkekani alianza kucheka kwa hofu, akajiziba mdomo kwa khanga. Shimba aliangalia panga lililokuwa mkononi mwake kana kwamba amekabidhiwa sasa hivi.

"Hizi nazo," alisema, akionyesha hibiskasi, "si nilidhani..."

"Yameshatokea," Mzee Ngosha alimkatiza. "Toeni mabenchi. Upesi. Akina mama, kusanyeni mikeka. Mgonjwa asikute kitu hapa."

Watu wakaanza kuinama na kuinuka, kila mmoja akimzuia mwenzake. Mama Chenge hakusogea. Alikuwa amekumbuka jambo, na sura yake ilikuwa imebadilika.

"Baba Rose," alisema. "Nimempigia Josephat."

*

Josephat alikuwa kaka yake Odeta. Aliishi Usagara, na kutoka Usagara mpaka Buhongwa si mbali kwa mtu mwenye pikapu na habari ya namna ile. Aliingia uchochoroni honi zikilia, mkewe akilia zaidi ya honi. Walipoambiwa ukweli, mke alikaa chini palepale na kuendelea kulia, maana kilio alichokuja nacho hakikuwa na pa kurudi. Josephat yeye alisimama akautazama uwanja kutoka langoni mpaka mlangoni.

"Shemeji," alisema.

"Shemeji, karibu. Ni makosa tu. Nilikuwa..."

"Dada yangu bado anapumua, wewe umeshamfyekea?"

"Ni gari, shemeji. Gari lisingepita."

"Wewe ni mtoto? Hujui maana ya kufanya hivi? Gari likishindwa kupita, mtu anabebwa! Mimi nisingekuja kumbeba? Ungeniita kubeba, si kulia."

"Josephat, mwanangu," Mzee Ngosha alisema, "shusha sauti."

"Niishushe kwa nani, mzee? Nimetoka Usagara namlilia dada yangu, nimekuja naendesha sioni njia. Na hawa wote wamekuja na unga!" Alimgeukia tena Nathaniel. "Nasubiri hapa hapa. Akifika hashuki. Namchukua naenda naye kwangu. Hawezi kulala kwenye uwanja uliofunguliwa."

Jicho bovu la Nathaniel lilikuwa linamwagika machozi lenyewe, na alikuwa ameacha kulifuta. Alijua kwamba shemeji yake ana haki. Alijua pia kitu ambacho shemeji yake hakukijua, kwamba uwanja ule kabla ya muda mrefu ungehitajika, na ndiyo sababu aliinamisha kichwa kama mtu aliyekamatwa.

Mabenchi yalikuwa bado nusu kwenye mkokoteni, nusu chini, teksi ilipokata kona.

*

Iliingia kwa urahisi kabisa. Hakuna tawi lililoigusa. Ilikwenda ikasimama mlangoni, kama Rose alivyotaka, na watu wakawa wamesimama pande mbili za njia bila kujua waweke wapi mikono.

Odeta alikuwa kiti cha nyuma, ameegemea bega la binti yake. Kioo kilikuwa kimeshushwa. Alitazama nje kwanza kwa furaha, akitafuta maua, halafu akaona mabenchi. Akaona mikeka. Akaona koti jeusi la Mzee Ngosha.

"Shikamoo, Mzee," alisema.

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Karibu nyumbani."

"Kuna msiba?"

Odeta hakungoja jibu. Mtu wa mtaa ule akikuta watu wamekaa hivyo, hutafuta nani hayupo. Alianza na wazee: Ngosha yupo. Mama Chenge yupo, amesimama mbali. Shimba yupo. Mke wa Shimba yupo na mtoto mgongoni. Mume wake yupo, jicho limevimba. Akapeleka macho taratibu mpaka mkeka wa mwisho, akamwona wifi yake wa Usagara ameketi bila kilemba, akamwona kaka yake, na alipofika kwa kaka yake macho yakasimama. Kila mtu alikuwepo. Aliyepungua pale alikuwa yeye.

Rose alimshika mkono. "Mama, wamekosea tu. Baba alikuwa anafungua njia."

"Nyamaza, mwanangu." Kisha akaita, "Nathaniel."

Hakuwahi kumwita kwa jina mbele ya watu. Nathaniel alisogea mpaka dirishani.

"Daktari alisema nini?"

"Alisema... tukakupumzishe nyumbani."

"Mpaka nipate nguvu?"

Nathaniel alifungua mdomo, akatazama mikono yake. Safari hii hapakuwa na chungwa.

"Hapana," alisema. "Kukupumzisha tu."

Dereva wa teksi, aliyekuwa amezima injini, alijikohoza. "Samahani, wazee. Mimi nina abiria Nyegezi. Kama mama anashuka ashuke, kama anaendelea niambiwe."

"Anaendelea," Josephat alisema, akifungua mlango wa upande wa pili. "Dada, shuka tuhamie kwenye pikapu. Kwangu nyumba ipo, kitanda kipo. Hapa wameshakutoa."

Odeta hakumtazama kaka yake. Alikuwa anatazama visiki vyeupe kando ya kijia, vingine vimepasuka mpaka chini.

"Nani kakata hibiskasi zangu?"

Shimba alirudi nyuma hatua moja, akakanyaga mguu wa mtu. "Ni mimi, mama. Nisamehe. Nilifikiri..."

"Ulifikiri sitaziona."

Mtu mmoja aliguna. Mwingine alicheka kidogo, halafu wengine, kicheko cha watu ambao hawajui kama wanaruhusiwa. Odeta mwenyewe hakucheka, lakini uso wake ulilegea.

"Mkatwe nyie. Hata hamjui kukata. Nani kakufundisha kupasua shina hivi? Unakata kwa mshazari, maji ya mvua yateleze. Ukiacha kama kibakuli linaoza." Alivuta pumzi, akapumzika. "Na wewe, Mama Chenge. Mbona umesimama mbali?"

"Naona aibu, Mama Rose. Nilikuwa nimeshaanza kukulilia."

"Ulilia vizuri?"

"Kwa kweli nililia vizuri."

"Basi ahsante. Wengi hufa hawajaisikia hiyo habari." Akageukia kaka yake. "Josephat, nimechoka. Nikienda Usagara nitakufa nawaza hapa. Hapa nitakufa niko hapa. Nishusheni."

"Dada, uwanja huu..."

"Uwanja ni wangu. Nishusheni."

Josephat alibaki ameshika mlango wa gari. Kisha aliinama, akapitisha mkono mmoja chini ya magoti ya dada yake na mwingine mgongoni, akamtoa. Alishangaa jinsi alivyokuwa mwepesi, na mshangao huo ulimkausha maneno yote aliyokuwa ameyabeba kutoka Usagara. Alimbeba mpaka kwenye kiti barazani, ingawa njia ya gari ilikuwa imefika pale pale.

"Na mabenchi?" mmoja wa wenye mkokoteni aliuliza kwa kunong'ona.

"Yaacheni," Odeta alisema. "Watu wamekuja na unga. Unga hauwezi kurudi nyumbani na njaa. Pikeni."

Basi wakapika. Wakanawa mikono na kula ugali na dagaa kwenye mabenchi ya kigangoni, mchana kweupe, mbele ya mtu waliyekuja kumzika. Mwanzoni walikula kwa kunong'ona. Baadaye Shimba aliomba mboga kwa sauti, akazomewa kwamba aliyefyeka maua ya watu hapewi nyongeza, na mazungumzo yakafunguka. Odeta alikula tonge dogo. Alimwambia mume wake akae karibu, amtazame jicho. Akalifungua kwa vidole viwili.

"Upepo ulikuwa unatoka wapi?" aliuliza.

"Sikuangalia."

"Ndiyo," alisema. "Hukuangalia."

Hakumuuliza tena habari ya daktari, wala siku ile wala baadaye.

*

Kitu kilichobadilika katika nyumba ile baada ya hapo ni kwamba watu waliacha kudanganyana. Rose alilia mbele ya mama yake bila kujificha jikoni. Nathaniel aliamka mapema kila siku, kabla ya kwenda kwenye baiskeli zake, akamtoa mkewe mpaka barazani na kiti chake, akashika mkasi.

"Hapo?" aliuliza.

"Juu kidogo. Tafuta jicho la chipukizi linaloangalia nje. Ukikata juu ya jicho linaloangalia ndani, tawi litarudi ndani."

"Hapa sasa?"

"Hapo. Kata. Usiuonee huruma mti, utaota."

Alikuwa mwanafunzi mzito. Mikono iliyozoea spoku na mnyororo ilibana mkasi kupita kiasi, na mara nyingine Odeta alifumba macho asione. Lakini visiki vya Shimba, vilivyokatwa upya kwa mshazari, vilianza kutoa vijani vidogo vyekundu, na mvua zilipoanza vilikimbia kukua. Minyaa nayo ikafunga pengo lake. Josephat alikuwa akija Jumapili, na kila akija alilazimika kuacha pikapu mbali zaidi, akaingia kwa miguu akisukuma majani. Hakulalamika. Siku moja alikuja na vichipukizi vya waridi katika kopo la rangi, akaviweka barazani, akasema amepewa tu na mtu.

Jioni moja Odeta alikuwa akitazama uwanja ulivyojifunga. Taa ya genge la Mama Chenge ilionekana kwa vipande katikati ya majani.

"Baba Rose."

"Naam."

"Watakuja tena na mapanga."

Nathaniel hakujifanya kutoelewa. "Watakuja."

"Wasikate."

"Watakaa wapi?"

"Mimi sijui. Nitakuwa nimelala." Akacheka kidogo, kisha kikohozi kikamshika, akasubiri kipite. "Wewe utajua."

*

Alifariki mvua zikiwa zinaelekea mwisho, asubuhi, Rose akiwa anamsomea Zaburi.

Shimba alifika wa kwanza akiwa na panga. Alisimama langoni. Hibiskasi zilikuwa zimemfika kifuani, zimechanua, na zilikuwa zimekatwa vibaya kidogo upande mmoja, kazi ya mtu ambaye bado anajifunza. Nathaniel alikuwa amekaa kizingitini, mikono magotini, macho makavu.

Shimba aliliweka panga chini ya ua.

"Tukae wapi, Baba Rose?"

Nathaniel alionyesha uchochoro.

Turubai likafungwa nje, kutoka kwenye nguzo ya umeme mpaka kwenye genge la Mama Chenge. Bodaboda zikaambiwa zizungukie njia ya juu. Mabenchi yalipojaa, watu waliingia ndani ya ua mmoja mmoja, wakajipenyeza katikati ya mimea, wanawake wakakaa kwenye mikeka iliyokunjwa nusu, majani yakiwagusa mashavu. Josephat alisimama kati ya bogonvilia na ukuta, hakuwa na nafasi ya kugeuka. Waliofika kwa kuchelewa waliuliza kwa nini nyumba hii haikufunguliwa uwanja, wakaambiwa ndivyo mwenyewe alivyotaka, wakatafuta pa kusimama.

Mzee Ngosha alipotaka kuanzisha sala, palikuwa na tawi la hibiskasi mbele ya uso wake. Shimba alinyoosha mkono alivunje. Mzee akatikisa kichwa. Alilisogeza pembeni mwenyewe, polepole, akalishikilia kwa mkono mmoja, na hakuliachia mpaka watu wote walipoitikia amina.